Kazi Isiyogombewa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya waalimu na wanafunzi)



Nimetakiwa niseme juu ya kazi ya mweka hazina wa umoja wa wazazi na waalimu, kazi ninayoifanya kwa mwaka wa sita sasa katika shule ya kutwa wanakosoma watoto wangu. Haina mshahara wala posho. Katika mkutano wa wazazi uenyekiti hugombewa, ukatibu hupewa mwenye mwandiko mzuri, na ikifikiwa zamu ya hazina kila mtu huangalia viatu vyake. Watu hawaogopi kujumlisha. Wanaogopa kusemwa.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na cha sita. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni na kutaka waalimu wasiishike. Hayo yote ni mema, ila njaa haikufutwa kwa waraka. Chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa kimebaki juu ya wazazi, kwa makubaliano yao wenyewe, na hivyo lazima mzazi mmoja ashike daftari.

Nilipochaguliwa niliomba vitu vitatu kabla ya kupokea hata senti moja: kitabu cha stakabadhi chenye nakala na namba zilizopigwa chapa, akaunti ya benki ya umoja yenye watia saini watatu, na mkaguzi wa hesabu asiye rafiki yangu. Hilo la mwisho liliwachekesha. "Tunakuamini, mzee," wakasema. Nikawajibu kwamba wananiamini kwa kuwa bado sijashika kitu.

Fedha taslimu, ndugu zangu, ni rahisi. Kazi iko kwenye mahindi. Wazazi wengi kwetu ni wakulima na hulipa kwa nafaka baada ya mavuno, madebe kadhaa ya mahindi na kidogo cha maharage. Sasa debe ni nini? Huyu ataleta lililosawazishwa kwa ubao, yule lenye kilele, na wa tatu ndoo ya plastiki anayoapa kuwa ni debe. Kisha mahindi yaliyoletwa yangali na unyevu hukauka ghalani na kupungua uzito. Ukiyapima baada ya miezi mitatu utaonekana umeyala, na kwa hesabu ya madebe huna la kujitetea. Basi tulinunua mizani. Kila mzigo hupimwa mbele ya aliyeuleta na kilo ndizo huandikwa kwenye stakabadhi. Yasiyokauka hurudi kwanza kuanikwa. Mpishi naye hutia saini kilo anazochukua kila asubuhi, na mwisho wa mwezi tunapima kilichobaki. Alikuwako mama mmoja aliyekuwa akinisema sana bombani. Tukamwomba awe msimamizi wa mizani. Sijasikia neno tena, ingawa yeye ni mkali kwa wazazi wenzake kuliko nilivyowahi kuwa mimi.

Mweka hazina hujua pia siri ya nyumba za watu: nani hajalipa, na kwa nini. Orodha ya wadaiwa huipeleka kwenye kamati, nami nimekataa katakata isisomwe paredi. Mtoto hakopi mahindi.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu siku hizi, yaani michango inayotumwa kwa simu. Ni njia nyepesi, na ndiyo maana watu hawaifikirii. Katika shule moja jirani mweka hazina alipokea michango ya muhula mzima kwa namba yake mwenyewe, iliyoandikishwa kwa jina lake. Alikuwa mtu safi. Daftari lake lilipoangaliwa baadaye halikukosa hata shilingi. Lakini alifariki ghafla, na namba ya siri akaenda nayo. Siku ya tatu ya matanga wajumbe wa kamati walifika kwa mjane kuuliza fedha za watoto. Mama yule hakujua lolote, na mtaani akaanza kuitwa mke wa mwizi. Kisheria fedha zile zilikuwa ndani ya mali ya marehemu, ikabidi kungojea Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Zilipatikana zote, baada ya miezi. Kwa miezi hiyo watoto walishinda na njaa, na mjane alihamia kwao.

Kwa sababu hiyo simu yangu haipokei mchango wa mtu. Mzazi hutuma moja kwa moja kwenye akaunti ya umoja, huniletea ujumbe wa malipo, nami humwandikia stakabadhi. Kila mwezi taarifa ya benki hulinganishwa na daftari mbele ya watu wawili, na karatasi hubandikwa mlangoni mwa ghala. Mke wangu anajua daftari liko wapi. Nikianguka leo barabarani, kesho chakula kitapikwa.

Wazee wenzangu, wengi wenu mmestaafu kutoka benki, bohari na ofisi za serikali, na shule za mitaani kwenu zinatafuta watu wa namna hiyo. Muhula wangu unakwisha Desemba, nami nimeanza kumfundisha mwenzangu, dereva wa lori aliyeishia darasa la saba ambaye tarakimu zake ni safi kuliko zangu.

Vijana, daftari la mwaka uliopita nimekuja nalo, pamoja na vitabu vya stakabadhi. Viko pale mezani karibu na dirisha. Mwalimu wenu wa hesabu ameniahidi kwamba kidato cha tatu watavikagua mchana huu kabla ya mpira. Kosa lolote mtakaloliona, niandikieni kwa penseli pembeni.