Kumwambia Mwenzi: Turufu Tunayo, Twende Mbele

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya briji, mchezo ambao baadhi yetu tulifundishwa hapa hapa tulipokuwa kidato cha tano. Katibu amenipa dakika kumi na tano, nami namjua Katibu tangu bwenini, hanipi ya kumi na sita. Kwa hiyo nimechagua jambo moja linalowatatiza vijana wa klabu. Mwenzi wako amefungua mnada, nawe unazo turufu zake na nguvu juu yake. Utamwambiaje yote mawili bila kumpitisha mahali pa salama?

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kidogo. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, na kila mmoja hupewa karata 13. Kabla ya kutupa karata kuna mnada: upande unaahidi utakula mizunguko mingapi kati ya 13, na aina ipi iwe turufu. Pau ndiyo ya chini, kisha uru, kopa na shupaza, na juu ya zote ni "bila turufu". Mizunguko sita ya kwanza haihesabiwi katika ahadi, kwa hiyo Shupaza Moja ni mizunguko 7. Shupaza Nne ni mizunguko 10, nayo huitwa gemu. Shupaza Sita ni 12, yaani slemu ndogo, na Saba ni yote 13, slemu kuu. Huruhusiwi kumwambia mwenzi neno jingine lolote, wala kukonyeza, wala kukohoa. Lugha yenu ni mnada tu.

Hesabu ya mchezo huu ilitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini kupitia Mfereji wa Panama. Aliweka zawadi nono kwa slemu, lakini kwa sharti kwamba uiahidi kabla. Hapo ndipo ilipo presha yote. Chukua upande ambao umekwisha kushinda gemu moja, ule tunaosema uko hatarini. Ukiahidi Shupaza Nne ukala mizunguko 12, unapata 680. Ukiahidi Sita ukala hiyo hiyo 12, unapata 1,430. Faida ni 750. Lakini ukiahidi Sita ukala 11, unatozwa 100, ambapo kwa kuahidi Nne ungepata 650. Hasara pia ni 750! Vijana wa hisabati mmekwisha kuona: slemu ndogo inafaa pale tu panapokuwa na nafasi zaidi ya nusu. Huwezi kuijua nafasi hiyo kwa kutazama karata zako peke yako. Sharti mwenzi akwambie.

Sasa mwenzi amesema Shupaza Moja: ana shupaza tano au zaidi. Nguvu tunazihesabu hivi: Ree 4, Mfalme 3, Bibi 2, Ghulamu 1, karata zote 52 zina pointi 40. Ukiwa na shupaza tatu na pointi 6 hadi 9, unasema Shupaza Mbili. Ukiwa na nne na pointi 10 hadi 12, unasema Tatu, naye ataamua. Hilo halina taabu.

Taabu inaanza ukiwa na nguvu. Mchezaji mgeni huona karata nzuri akaruka moja kwa moja hadi Shupaza Nne, akiona amemuunga mwenzi mkono kwa kishindo. Kwa wazoefu maana yake ni kinyume kabisa! Kuruka hadi gemu kunasema: nina turufu nyingi, labda tano, lakini nguvu sina, simama hapa, nimeziba njia ili maadui wasipate kuzungumza. Mwenye nguvu huenda polepole, kwa sababu anataka nafasi ya kuulizana. Sisi wa ofisini tunaifahamu tabia hii. Afisa anayeandika "naunga mkono" papo hapo na kulisukuma jalada meza ya pili, mara nyingi dokezo hajalisoma.

Njia moja ya mwenye nguvu iliachwa na Oswald Jacoby: kujibu "Mbili Bila Turufu". Haina nia ya kucheza bila turufu. Inasema nina turufu nne, gemu tunayo kwa hakika, nieleze zaidi. Njia ya pili ndiyo niipendayo, ile iitwayo splinta, ambayo Dorothy Hayden Truscott ni mmoja wa walioianzisha miaka ya 1960. Unaruka hadi daraja lisilo la kawaida katika aina ambayo huna, au unayo karata moja tu.

Tazameni ubaoni. Aliyefungua ana shupaza Ree, Bibi, 10, 8, 3. Kopa 7, 6, 4. Uru Mfalme, 5. Pau Ree, Bibi, 3. Mwenziwe ana shupaza Mfalme, Ghulamu, 7, 4. Kopa 8 peke yake. Uru Ree, Bibi, 6, 3. Pau Mfalme, 10, 5, 2. Jibu ni Kopa Nne: turufu nne ninazo, gemu tunayo, na kopa ni moja tu. Aliyefungua anatazama kopa zake tatu mbovu, na badala ya kusikitika anafurahi. Ya kwanza italiwa, mbili zitakatwa kwa turufu za mwenzi. Pamoja wana pointi 28 tu, ilhali kanuni ya kawaida, bila turufu, inadai kama 33.

Lakini mpeni aliyefungua kopa Mfalme, Bibi, 4 na pau 7, 6, 3, mengine yabaki. Pointi zinapungua moja tu, 27. Slemu haipo tena: Ree ya kopa na Ree ya pau ziko kwa maadui, na nguvu yake ya kopa imekaa mahali ambapo mwenzi hana haja nayo. Akisikia Kopa Nne anarudi Shupaza Nne na kunyamaza.

Yule wa kwanza anaendelea kwa "Nne Bila Turufu", swali lililobuniwa mwaka 1933 na Easley Blackwood, mtu wa bima wa Indianapolis. Linauliza Ree ngapi. Pau Tano ni hamna, Uru Tano ni moja, Kopa Tano mbili, Shupaza Tano tatu. Mwenzi anajibu Uru Tano. Mbili zangu na moja yake ni tatu, inakosekana moja: Shupaza Sita, basi. Angalieni kwamba swali hili halikuwapeleka kwenye slemu. Kopa ile moja ndiyo iliyowapeleka. Blackwood huwazuia tu wasiende wakati Ree mbili hazipo. Siku hizi wengi humhesabu Mfalme wa turufu kama Ree ya tano, lakini vijana waanze na hii ya kale.

Mwalimu Mkuu, najua neno karata linawatia wazazi wasiwasi wa kamari. Briji ya mashindano haina fedha mezani. Omar Sharif, yule mwigizaji wa Misri, aliichezea nchi yake katika mashindano ya dunia ya mwaka 1964, na mwaka 2018 ilikuwamo katika Michezo ya Asia kule Jakarta. Naomba klabu iruhusiwe meza mbili maktabani Jumamosi mchana. Karata nimeleta pakiti nane, nimemkabidhi mwalimu wa zamu.