Ng'ombe Hajui Kesho

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru

Wengi wenu mmefika hapa mkiwa mmekwisha kukamua, kufagia zizi na kupeleka maziwa. Hatutawachelewesha, maana saa kumi jioni ng'ombe anawangoja.

Leo hatukuja kuwafundisha ufugaji. Hiyo kazi mnaijua. Tumekuja na swali moja tu: mbona twamtunza ng'ombe vizuri kuliko tunavyojitunza wenyewe?

Tuanze na habari ya kwetu. Katika kikundi chetu tuna mama mmoja hodari wa kukamua. Kwa miaka mingi hakukosa zizini saa kumi na moja alfajiri, iwe mvua, iwe matanga, iwe arusi. Alipimwa akapatikana na presha, akapewa dawa ya kumeza kila siku. Alimeza miezi michache, akajisikia mzima, akaacha. Asubuhi moja tulimkuta ameanguka kando ya ng'ombe wake, ndoo imemwagika, upande mmoja wa mwili umepooza. Tunashukuru kwamba yu hai. Lakini mkono wa kulia haukurudi, na leo ng'ombe wake hukamuliwa na mke wa mwanawe.

Tuliketi tukaulizana. Mama huyu si mvivu, wala si msahaulifu. Aliwezaje kumkumbuka ng'ombe kila siku, na kidonge kikamshinda? Tukaona kwamba ng'ombe ametufundisha mambo matatu, nasi tumeyaacha zizini.

La kwanza ni saa. Ukichelewa kukamua, kiwele hujaa, ng'ombe hulia mpaka jirani asikie. Yeye hajui kesho. Lakini presha hailii. Kwa hivyo usingoje kukumbuka. Funga afya yako kwa kamba moja na ng'ombe. Kama dawa yako ni ya asubuhi, ukimaliza kukamua, nawa mikono kwa sabuni, umeze dawa kabla ya kushika kikombe cha chai. Ukimtilia ng'ombe maji, kunywa na wewe. Ng'ombe wa gredi mwenye maziwa mengi hunywa lita 60 na zaidi kwa siku, nasi twamchotea bila kunung'unika. Wenyewe twashinda shambani tukikata napia na koo limekauka!

La pili ni kupima. Kabla ya kukamua, twaangusha maziwa ya kwanza katika kikombe cheusi, tuone kama yana mabonge. Na bado ugonjwa wa kiwele unaweza kujificha: kiwele hakijavimba, maziwa ni meupe, ila yanapungua pole pole. Presha ni vivyo hivyo. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Je, wewe unangoja mabonge yaonekane?

La tatu ni kumaliza dawa. Daktari wa mifugo akisema dawa ya kiwele itiwe siku tatu, hatuachi siku ya kwanza eti uvimbe umeshuka. Twajua ugonjwa utarudi na nguvu mpya. Tena maziwa ya siku hizo hatuuzi mpaka muda aliotuambia uishe. Sasa, dawa ya presha haiishi kwa kujisikia vizuri. Kujisikia vizuri si dalili kwamba presha imekwisha! Anayeweza kusema uipunguze au uiache ni daktari.

Mtatuambia, "Dawa ni pesa, na foleni ni ndefu." Ni kweli, sisi pia tumesimama katika foleni hizo. Ndiyo sababu hatukumwachia kila mtu mzigo wake. Katika kikundi chetu kila mmoja ana mwenzake. Siku ya mkutano, kabla ya kuhesabu michango, kila mtu humwuliza mwenzake: "Umemeza? Umepimwa lini?" Na katika kila mchango twatoa fungu dogo la nauli na dawa kwa aliyepungukiwa. Si jambo kubwa, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi leo mkirudi nyumbani, kila kikundi kianze na mambo mawili: kupanga watu wawili wawili, na kuchagua siku ya kwenda kupimwa pamoja. Msiseme kesho. Ng'ombe akiugua, boma zima huamka usiku kumshughulikia. Wewe ukianguka, nani atamkamua?