Ardhi Nayo Hupumua: Pima Uhai wa Malisho Yako



Ng'ombe akianguka, kwanza tunatazama ubavu. Ukipanda na kushuka, bado yuko nasi. Leo tuitazame ardhi ya malisho kwa jicho hilo hilo, maana nayo hupumua. Ndani ya udongo wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Hula mizizi iliyokufa, majani makavu na samadi, wakavigeuza kuwa rutuba ya nyasi. Wakila hutoa hewa ukaa, kama sisi tunapopumua. Udongo uliokanyagwa ukawa kama sakafu hupumua kidogo, kwa kuwa viumbe wake wamekosa chakula na hewa.

Jambo hili lilichunguzwa hapa Afrika Mashariki. Miaka ya 1950, huko Muguga karibu na Nairobi, mtafiti H. F. Birch alipima udongo uliokauka kisha ukaloweshwa. Aliona kuwa ukipata maji, pumzi yake hupanda ghafla na rutuba hufunguka, kisha baada ya siku chache hutulia. Ndiyo sababu mojawapo nyasi huchipua kwa kasi mvua ya kwanza ikinyesha. Upande wa kaskazini wa Mlima Meru, kuanzia Oldonyo Sambu hadi Ngarenanyuki, mvua ni chache kuliko upande wa Tengeru. Siku hizo chache ndizo mtaji wetu. Ukiingiza mifugo mapema, chipukizi huliwa kabla mizizi haijashika.

Chagua sehemu mbili za kulinganisha: alalili ya ndama iliyopumzika, na eneo lenye upara karibu na njia au birika. Usichukue udongo penye kinyesi kibichi, utakudanganya.

Kipimo cha kitambaa
Mvua zikianza, kata vipande viwili sawa vya kitambaa cha pamba tupu, kama amerikani. Shuka nyingi za siku hizi hazifai, kwa kuwa uzi wake si pamba na hauozi. Fukia kila kipande kina cha kiganja, weka alama ya kijiti, na uvifukue siku moja baada ya miezi miwili. Kilichooza na kubaki nyuzi kinaonyesha udongo ulio hai. Kilichotoka kizima kinaonyesha udongo uliochoka. Ukikuta vijia vya tope vya mchwa, rudia mahali pengine. Huenda mchwa ndio waliokula.

Kipimo cha chokaa
Koroga kijiko cha chokaa ya kupaka nyumba katika lita moja ya maji. Acha itulie usiku kucha, kisha chota maji maangavu ya juu. Tafuta makopo matatu ya kioo yanayolingana na yenye mifuniko. Katika mawili tia kikombe kimoja cha udongo, kila kopo na udongo wa sehemu yake, wenye unyevu sawa bila kuwa tope. La tatu liache bila udongo. Ndani ya kila kopo weka kizibo chenye maji ya chokaa, funga vizuri, na utazame kila baada ya saa moja. Hewa ukaa hugeuza maji hayo kuwa meupe kama maziwa. Yanayowahi kuwa meupe ni ya udongo unaopumua zaidi. Angalieni: chokaa huunguza macho na ngozi, watoto wakae mbali.

Pumzi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Tazama pia mizizi, minyoo, na kama maji ya mvua yanazama au yanatiririka.

Sehemu ikionekana imechoka, kaeni na wazee wa kijiji mkubaliane kuipumzisha msimu mzima. Tandazeni matawi ya miiba kuzuia kwato, chimbeni makinga maji ya nusu mwezi, na mwagieni samadi ya boma la zamani. Lori la kununua samadi likija, msiuze yote. Ile ni chakula cha viumbe wanaolisha nyasi zenu.

Rudieni vipimo sehemu zile zile kila mwaka mvua zikianza, mwandike matokeo, na mwonyesheni afisa mifugo wa kata. Nyasi zikishatoweka, kila mtu huona. Kipimo hiki kinakuonya ungali na nafasi ya kuokoa malisho.