Masomo kwa Ajili ya Miguu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Chama)



Chuo kimoja cha mjini, ambacho hazina yake ni nyembamba, kimetuomba tuchangie mfuko wa kuwasomesha vijana hodari wa mbio na mpira. Nimeamriwa nitoe rai. Hapa Kariakoo jambo hili si geni, maana baina ya Yanga kule Jangwani na Simba pale Msimbazi, wazazi wengi wadhani miguu ya mtoto itamlipia karo.

Mifano ipo. Bwana Suleiman Nyambui wa nchi yetu alisomeshwa na Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Mwaka 1980 akapata nishani ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow. Mkenya Henry Rono, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978. Vyuo vile vilipata jina kubwa. Walakini tuangalie na mkataba: tangu 1973 hata 2012 msaada huo katika vyuo vikubwa vya Marekani ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja tu, na aliyeumia aliweza kunyimwa wa pili.

Mimi ni karani wa hesabu. Kiti kimoja zaidi darasani hakigharimu sana, kwa kuwa mwalimu ni yule yule. Chakula, kitanda, dawa na nauli za mashindano ndivyo vilavyo fedha, na chuo maskini kikivilipa, kitazitoa katika ada ya mtoto wa mchuuzi.

Katika shule ya misheni niliyosoma, mwenzangu alisamehewa karo kwa ajili ya mbio zake. Alipoumia goti katika kidato cha tatu, barua ya kudai karo ilimfikia kabla hajaacha magongo. Alikuwa akinishinda hesabu. Leo apakua mizigo sokoni, nasi huamkiana kila Jumamosi, na kila mara mimi ndiye nionaye haya.

Basi nasema tuchangie chakula, nacho chuo kisamehe ada. Lakini iandikwe kwamba msamaha utadumu mpaka mtihani wa mwisho, hata mguu ukivunjika. Bila sharti hilo tusitoe hata senti. Najua Bwana Mweka Hazina ana neno juu ya gharama yake, nami namwomba aliseme sasa, kabla ya chai.