Injini Inapomisi: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Maelezo tuliyoyatoa kwa kamati za parokia zinazotunza magari ya huduma



Tumeombwa tuzungumze juu ya injini inayomisi, yaani ile inayokohoa na kutetemeka kwa sababu silinda moja haichomi mafuta yake. Tunazungumza na kamati na si mafundi peke yao, kwa kuwa kamati ndiyo inayoidhinisha malipo. Stakabadhi tunazoletewa mara nyingi husomeka hivi: kwanza kabureta, kisha pampu ya mafuta, kisha koili, na gari bado linakohoa. Fedha hiyo ilichangwa ili mgonjwa afike hospitali.

Haya ni ya injini za petroli tu. Land Cruiser za dizeli hazina plagi za kutoa cheche, zina tiba yake.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche mara 25 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa moto, petroli isiyochomwa huosha oili kwenye kuta za silinda, na katika magari ya kisasa huunguza kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Dereva anayesema "litafika tu" anaongeza gharama.

Swali la kwanza kwa fundi ni: silinda ipi? Asiyeweza kujibu asipewe fedha ya spea. Kwa gari la zamani lenye distributa, jibu hupatikana nyumbani. Gari liwe nje, mahali penye hewa. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba iliyofungwa imara kwenye chuma cha injini, kisha washa kwa muda mfupi. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, umeipata mbovu. Waya usishikwe injini ikiwaka, maana umeme wake ni maelfu ya volti; na mwenye kifaa cha kusaidia moyo asisogee kabisa.

Kisha fungua plagi ya silinda hiyo uitazame. Ya kahawia hafifu ni nzima. Iliyolowa petroli haipati moto. Yenye masizi makavu inadai uangalie mafuta yanayozidi au kichujio cha hewa kilichoziba. Yenye oili inadai uangalie ringi. Usiku, injini ikiwaka na taa zote zimezimwa, fungua boneti: waya uliopasuka huonyesha vicheche vya bluu. Kipimo hiki ni cha bure, nasi tunakipenda kuliko vyote.

Kwenye taimingi tutakawia kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Cheche hutakiwa kutoka digrii chache kabla pistoni haijafika juu kabisa. Nambari halisi imo kwenye kitabu cha gari, haitafutwi kwa sikio. Moto ukiwahi mno, injini hugonga mlimani kama kokoto ndani ya kopo, na hatimaye pistoni inaweza kutoboka. Ukichelewa, gari hukosa nguvu, huchemka na hunywa petroli.

Sasa, kwenye distributa yenye platini, kile kipande kinachosuguliwa na kamu kikilika, mwanya hupungua na moto huchelewa wenyewe. Fundi mwenye haraka hulegeza distributa na kuizungusha mpaka injini isikike vizuri pale uwanjani. Gari huondoka limechangamka, likagonga kwenye mlima wa kwanza. Utaratibu ni kupima mwanya wa platini kwa fila geji kwanza, ndipo taimingi ipimwe kwa taa yake kwenye alama za puli. Tena, taimingi mbaya huumiza silinda zote. Ikikosa silinda moja tu, distributa isizungushwe.

Magari mengi mapya yana koili juu ya kila plagi, na kompyuta ndiyo hupanga moto. Hapo msichomoe kitu injini ikiwaka. Azimeni kifaa cha kusomea hitilafu. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. Zimeni injini, mbadilishane koili ya silinda yenye kosa na ya jirani yake. Kosa likihama nayo, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, koili msinunue.

Ndugu wafadhili, bajeti za magari tunazoziona zina matairi na oili, lakini vipimo havimo. Taa ya taimingi, fila geji na kifaa cha kusomea hitilafu vinaweza kutumiwa kwa zamu na parokia kadhaa. Nanyi kamati, dai spea ya zamani irudishwe pamoja na stakabadhi ya mpya.

Gari tulilokuja nalo liko hapo nje chini ya mwembe, na linamisi kweli. Dereva anaishuku koili. Sisi bado hatujasema lolote. Twendeni tukaone ni silinda ipi.