Masomo ya Juu kwa Mwalimu wa Watoto Wadogo

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Mazinde)



Katika mkutano uliopita ilisomwa barua ya mwanachama mwenzetu, mwalimu wa darasa la awali katika shule mojawapo ya huku chini ya mlima, akiomba akopeshwe fedha za mfuko wetu ili aanze masomo ya shahada ya elimu ya watoto wadogo, na baadaye, Mungu akimjalia, shahada ya uzamili. Mnakumbuka ya kuwa barua ilipokwisha kusomwa wengine walicheka. Bwana mmoja aliuliza, "Je, kuwaimbisha watoto na kuwahesabisha vizibo vya soda kwahitaji shahada?" Bwana Mwenyekiti akaniamuru niichungue habari hiyo. Siji hapa kumsifu mwenzetu, maana yeye mwenyewe yumo humu ndani ananisikia, wala hapendi sifa. Nimekuja kulijibu swali lile, kisha nitasema habari ya fedha, ambayo najua ndiyo mnayoingoja.

Swali lile si geni, wala si la Mazinde peke yake. Mwaka 1837 Mjerumani mmoja, Friedrich Froebel, alifungua katika mji wa Bad Blankenburg nyumba ya kuwafundisha watoto wadogo kwa michezo na kazi za mikono, naye pia alidhaniwa kuwa mtu wa kuchezacheza. Baada yake Bibi Maria Montessori, aliyekuwa daktari, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Angalieni ya kuwa huyu alikuwa amesoma udaktari wa wanadamu kabla hajaketi chini na watoto. Njia yake imefika mpaka milimani kwetu, kwa maana Lushoto wamekuwako Masista wanaowafunza walimu wa Kimontessori, na baadhi yetu watoto wetu wamepita katika mikono ya walimu hao.

Lakini mfano ulionigusa zaidi ni wa pwani. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa waliona ya kuwa watoto wao wanaanza shule wakiwa nyuma ya wenzao, nao hawakutaka watoto waache chuo cha Kurani ili wapate elimu ya Serikali. Bi Swafiya Said, mwalimu wa huko huko, akaanza kuwafunza wanawake wa mitaani kuwa walimu wa watoto wadogo, katika madrasa zenyewe, kwa vitu vilivyopatikana karibu: vifuu, makombe ya pwani, mbegu na mikeka. Kazi ile ikavuka ikafika Unguja, kisha Uganda. Nayo haikuendeshwa kwa bahati nasibu. Waliichukua njia ya kufundisha iliyotoka Ypsilanti, Marekani, wakaigeuza ifae desturi na dini ya watu wa pwani.

Huko Ypsilanti ndiko kulikofanyika uchunguzi ambao kila mtu anayesoma elimu hii hukutana nao. Kuanzia mwaka 1962 watoto 123 wa jamaa maskini waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapewa masomo ya awali na la pili lisipewe. Kisha wakafuatwa miaka na miaka hata walipotimiza umri wa miaka 40. Wale waliosoma walimaliza shule kwa wingi zaidi, wakapata mishahara bora, na walioshikwa na polisi mara nyingi walikuwa wachache kuliko wenzao. Sasa mimi sisemi ya kuwa mambo ya Marekani ni mambo ya Mazinde. Watoto 123 si wengi, na walimu wa kule hawakuwa na darasa la watoto mia. Nasema tu ya kuwa kazi hii ina maarifa yake, tena maarifa ya kupimwa, na palipo na maarifa ya kupimwa pana haki ya kuyasomea mpaka mwisho.

Kwetu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, na toleo lake la mwaka 2023, zimeuweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Kipimo kilichotajwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ada zilipoondolewa mwaka 2016 watoto walimiminika, na kipimo kile kikabaki karatasini katika shule nyingi. Mwenzetu ameandika katika barua yake ya kuwa amewahi kuwa na watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, wengine wameketi sakafuni. Nani atakayemwonyesha namna ya kuwafundisha watoto mia? Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto 25 havitamwambia.

Liko na jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havilijui. Huku bondeni watoto wa mashamba ya mkonge wametoka katika makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Ukipanda Mazinde Juu, au ukipita Mombo kuelekea Soni na Lushoto, utamkuta mtoto wa miaka mitano aliyelelewa na bibi yake kwa Kisambaa. Mtoto huyo anaijua hadithi ya Mbegha, mwinda nguruwe, tangu mwanzo hata mwisho, walakini akiingia darasani huambiwa hajui kitu, kwa sababu hakujibu kwa Kiswahili. Mwenzetu anataka kuichungua habari hii siku atakapofika uzamili, yaani mtoto wa namna hii avushweje asipoteze alichokuja nacho. Mimi nilisoma shule ya misheni, nimeshika kalamu na mafaili tangu nilipoajiriwa, na sijapata kusikia swali lenye faida kuliko hilo likitoka kwa mtumishi wa wilaya hii.

Sasa habari ya njia. Mwenzetu ana stashahada ya ualimu. Mwenye stashahada, akiwa na ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa na alama za kutosha katika stashahada yake, aweza kuingia shahada ya kwanza. Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha shahada ya elimu ya watoto wadogo, lakini huko sharti mtu aache kituo chake cha kazi miaka mitatu. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, humfuata mtu alipo. Kina kituo Tanga, na ada yake hulipwa kwa masomo uliyojiandikisha, si zote kwa mkupuo. Kwa mwenye watoto na mshahara mmoja, mimi naona njia ya pili ndiyo ya salama, ingawa yataka mtu mwenye moyo mgumu, maana hapana kengele ya kukuamsha wala mwenzi wa kukuuliza umefika wapi. Watu wengi huianza, na si wote huimaliza.

Juu ya uzamili, Chuo Kikuu cha Aga Khan kilifungua Taasisi ya Maendeleo ya Elimu Dar es Salaam mwaka 2006, na Kenya Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya elimu ya watoto wadogo. Kuna pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliotokana na mkutano wa Oxford wa mwaka 1959. Hupatikana kwa mashindano makubwa, nasi tusiuhesabu kabla haujafika mkononi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, iliwekwa kwa ajili ya wahitaji, na mtu mwenye mshahara asiitegemee.

Naomba mnisikilize khasa hapa, kwa kuwa hapa ndipo wengi hujikwaa. Asiende mtu masomoni bila barua ya ruhusa ya mwajiri wake. Namjua mtumishi wa ofisi moja, ambayo sitaitaja, aliyesoma kwa siri akitumia likizo zake. Alipoleta cheti chake akaambiwa hakikuwamo katika mpango wa mafunzo, na daraja lake la mshahara likabaki lilipokuwa miaka mingi. Kwa walimu, mwenye cheti huanza daraja B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D. Kupanda kutoka C kwenda D hakuji kwenyewe siku ya mahafali. Huombwa, hungojewa, na huhitaji nafasi iliyotengewa fedha. Uzamili hautoi ahadi hata hiyo.

Basi ataupata wapi mkate wake? Aweza kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, kama kile cha Korogwe, au mthibiti ubora wa shule, au mtunga mitaala katika Taasisi ya Elimu. Akitaka kufundisha chuo kikuu, matangazo ya kazi yamezoea kudai wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Kwa hiyo anayelenga huko asisome kwa kupita tu tangu mwaka wa kwanza.

Bwana mmoja ameninong'oneza mlangoni ya kuwa tukimsomesha atatuacha, ataondoka darasani aende ofisini, na watoto wa Mazinde watabaki na watu wasiojua. Hofu hiyo ni ya haki, nami sina dawa yake kamili. Wenye shahada wengi huvutwa sekondari au ofisini, kwa sababu darasa la awali halina heshima machoni pa watu, nasi tuliocheka mkutano uliopita tuliongeza sehemu yetu. Lakini mkufunzi mmoja Korogwe hupitisha mikononi mwake walimu wengi kila mwaka. Nionavyo mimi, hasara hiyo yavumilika.

Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba, karani kama sisi, ambaye mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la huko. Sidhani ya kuwa angelicheka.

Nashauri hivi. Chama kimkopeshe ada ya mwaka wa kwanza tu, si ya miaka yote. Mkopo ulipwe kwa kukatwa mshahara, bila faida, kuanzia mwezi wa saba baada ya kuupokea. Ada ipelekwe chuoni moja kwa moja, na Mwandishi aweke nakala ya stakabadhi. Fedha zisitoke kabla barua ya ruhusa ya mwajiri haijasomwa mbele ya kamati. Akifaulu mitihani ya mwaka wa kwanza, alete matokeo yake hapa, nasi tutazungumza habari ya mwaka wa pili. Mweka Hazina ameniambia mfuko unaweza kubeba mkopo huo pamoja na ile miwili iliyokwisha kutolewa. Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hili lipigiwe kura leo, kwa kuwa dirisha la maombi ya chuo halitatungoja mpaka mkutano ujao.