Nanga ya Kutegemewa

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Newala)



Huenda baadhi yenu mnajiuliza: sisi wakulima wa korosho wa Masasi na Newala tuna habari gani na nanga? Wapo wenzetu ambao msimu ukiisha huteremka pwani kwenda dago, wakalala ndani ya mashua majuma kadhaa. Aidha, chama kinapofikiria kununua mashua kwa fedha za wanachama, kamati hujadili sana mbao, tanga na mashine. Nanga hununuliwa kwa fedha zilizobaki. Mpango huo hauna usalama. Mashine ikizimika mchana watu hupiga makasia. Nanga ikiachia usiku, watu wamelala.

Jambo la kwanza: nanga haishiki kwa uzito tu, bali kwa kuuma ardhi. Jiwe la kilo 50 likizama baharini hubaki na uzito wa kilo 30 hivi, kwa kuwa maji hulibeba. Chuma cha kilo 50 hubaki na kilo 43 hivi. Kwa hiyo jiwe au zege si la kulalia. Mwaka 1933 mtaalamu wa Uingereza, Geoffrey Taylor, alibuni nanga yenye umbo la jembe la kukokotwa na ng'ombe: kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozama. Mkulima haitaji kufafanuliwa zaidi.

Jambo la pili: tazameni mtakapotia nanga. Mchanga na tope hutaka nanga ya jembe au yenye makucha mapana. Nanga ndogo ya makucha manne hunasa miambani, lakini mchangani hupita kama reki. Matumbawe yaacheni: hukata amari, na nanga huyavunja. Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000.

Jambo la tatu ni urefu wa amari, na hapa ndipo hesabu hukosewa. Tuseme maji yakipwa kina ni mita 4. Wakati wa bamvua maji yakijaa huongezeka mita 3, na omo ya mashua iko mita 1 juu ya maji. Jumla ni mita 8. Amari ya kamba huhitaji mara 7 ya jumla hiyo, yaani mita 56. Aliyepima maji yaliyokupwa akazidisha kina peke yake atatoa mita 28. Maji yakijaa usiku, amari yake haifiki hata mara 4. Nanga itavutwa kwenda juu na kung'oka. Kati ya kamba na nanga wekeni mnyororo, ili mvuto ulale chini na kamba isisagwe.

Jambo la nne: kabla ya kulala, vuteni chombo kinyumenyume mpaka nanga ishike. Kisha chagueni alama mbili nchi kavu zilizo mstari mmoja, kama mnazi na nyumba iliyo nyuma yake. Zikiachana, na mashua haikugeuzwa na upepo wala maji, nanga inaburura. Mmoja akeshe kwa zamu.

Hata hivyo, nanga ina mpaka wake. Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini ya Msumbiji Aprili 2019, na Hidaya kikafika pwani yetu Mei 2024. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitolewa, watu washuke pwani.

Ndugu Makatibu, nanga mbili, mnyororo na amari viandikwe katika daftari la mali, na urefu wa amari upimwe mbele ya kamati. Pete zikaguliwe kila kabla ya kusi na kaskazi, iliyolika ibadilishwe. Mkaguzi akija, asionyeshwe stakabadhi tu. Aonyeshwe na nanga yenyewe.